Michezo ya Afrika Nzima na Maana Yake kwa Mataifa

Hotuba iliyosomwa na karani wa wilaya mbele ya baraza la wazee na vijana



Katika baraza lililopita mzee mmoja aliuliza: kwa nini fedha za watu zitolewe kumpeleka kijana nchi ya mbali akapige mbio, hali mbio aweza kuzipiga hapa nyumbani akifukuza mbuzi? Wengi walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lastahili jibu.

Asili ya michezo hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1923 Pierre de Coubertin, yule Mfaransa aliyefufua Michezo ya Olimpiki, alitoa shauri katika mkutano wa Roma kwamba Afrika nayo iwe na michezo yake. Ilikusudiwa kufanyika Algiers mwaka 1925, isiwezekane. Kisha ikapangwa Alexandria, huko Misri, mwaka 1929, na uwanja mkubwa ukajengwa, ambao hata leo upo. Walakini siku zilipokaribia, serikali zilizotawala Afrika wakati ule zilipinga, na michezo ikavunjwa. Basi angalieni: uwanja ulikuwa tayari, kilichokosekana ni idhini ya wenye kutawala.

Ikapita miaka 36. Tarehe 18 Julai 1965 mataifa yapata 30 yalikusanyika Brazzaville. Kongo yenyewe, mwenye karamu, ilikuwa haijatimiza miaka mitano tangu kujitawala. Jirani yetu Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1,500 na za mita 5,000. Katika mpira, Kongo na Mali walimaliza bila bao, na mshindi akapatikana kwa kuhesabu kona! Kongo wakachukua ushindi, na nadhani Wamali hawakulala vizuri usiku ule.

Sasa nije kwetu. Januari 1973 michezo ya pili ilifanyika Lagos. Keino alikuwa bado simba wa mbio za mita 1,500, maana alizishinda katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Akatokea kijana wa Karatu, Filbert Bayi, umri wake miaka 19, akamshinda. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1974, Bayi huyo huyo alikimbia Christchurch, huko New Zealand, akiwa mbele tangu mwanzo hata mwisho, akamwacha John Walker wa nchi ile nyuma yake, akaweka rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.16. Mzee wangu, mbuzi hawezi kumfundisha mtu kukimbia na Keino. Kijana lazima akutane na aliye hodari kuliko yeye, tena mbele ya macho ya watu wengi, ndipo ajue kipimo chake.

Lakini liko jambo zito zaidi. Afrika ya Kusini haikukaribishwa Brazzaville wala Lagos, kwa sababu ya sheria zake za kuwabagua watu kwa rangi. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza huko, na Tanzania ikakataa kupeleka wanamichezo katika Olimpiki ya Montreal ambamo New Zealand imo. Mataifa zaidi ya ishirini, mengi ya Afrika, yakajitenga pia. Dunia nzima ilikuwa ikingoja kumwona Bayi na Walker tena. Bayi hakukimbia, Walker akapata medali ya dhahabu. Mimi nikilifikiri jambo hili moyo huniuma kwa ajili ya kijana yule, wala sioni haya kusema hivyo, ingawa naamini nchi ilifanya haki. Mwaka 1980, huko Moscow, alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Hata mwaka 1995, sheria zile zikiwa zimekwisha, Afrika ya Kusini ikaja Harare, ikashindana na wenzake.

Sikatai kwamba gharama ni kubwa. Baada ya Algiers mwaka 1978 ilipita miaka tisa kabla ya michezo iliyofuata kufanyika Nairobi, mwaka 1987. Wakenya walipata uwanja wa Kasarani, kisha wakafungwa na Misri bao moja kwa bila katika fainali ya mpira, humo humo nyumbani mwao. Na michezo iliyoitwa ya mwaka 2023 ilifanyika Accra Machi 2024. Kuchelewa ni aibu, lakini mwenye kuchelewa amefika.

Vijana wetu wawili wametakiwa kwenda kupimwa mbio mkoani. Hesabu ya nauli na chakula chao nimeiandika katika karatasi hii. Namwomba mzee aliyeuliza awe wa kwanza kuisoma.