Kampuni ikifa, mwenye hisa ni wa mwisho kula

*Haya ni maelezo ya mtoa mada mbele ya semina ya wanachama kuhusu haki za wenye hisa.*



Tangu mashirika ya umma yaanze kubinafsishwa, wananchi tumehimizwa kununua hisa. Tuliambiwa mwenye hisa ndiye mwenye kampuni. Ni kweli. Lakini wauzaji hawakutueleza upande wa pili: siku kampuni inapofilisika, huyo mwenye kampuni ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. ARM Cement, zamani ikiitwa Athi River Mining, iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997. Ikavuka mpaka na kujenga kiwanda hapa kwetu, Maweni, Tanga. Mwaka 2016 CDC, shirika la serikali ya Uingereza, likamwaga humo dola milioni 140. Haikusaidia. Agosti 2018 kampuni ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Mwaka 2019 mali za Kenya ziliuzwa kwa National Cement kwa shilingi bilioni 5 za Kenya, na mwaka 2020 Wachina wa Huaxin wakachukua Maweni. Fedha zikawaendea wadai. Wenye hisa, kuanzia Mwingereza mwenye mamilioni hadi mstaafu mwenye hisa mia moja, wakaambulia patupu.

Je, huo ni wizi wa wasimamizi? Hapana, ndugu zangu. Ndiyo sheria. Benki iliyoshika dhamana hujilipa kutokana na dhamana yake. Zinalipwa gharama za ufilisi, mishahara ambayo wafanyakazi wanadai, na kodi. Kisha wanakuja wadai wasio na dhamana, kama mwenye lori na muuza vipuri. Kikibaki kitu, wanapewa wenye hisa za upendeleo. Mwisho kabisa ni sisi wa hisa za kawaida. Mara nyingi sufuria limeshakwanguliwa.

Swali ni hili: sasa haki yetu iko wapi?

Kwanza, ukishalipia hisa zako zote, hakuna mdai wa kampuni atakayekuja kukamata ng'ombe wako. Unapoteza ulichoweka, basi.

Pili, mwenye hisa anaweza kuiomba Mahakama imchunguze mkurugenzi aliyefuja mali na kumwamuru airudishe. Lakini tusidanganyane: fedha hizo zinarudi kwenye kampuni, na foleni ni ile ile.

Tatu, ziada ikipatikana ni yetu. Huko Marekani kampuni ya kukodisha magari ya Hertz iliomba hifadhi ya mahakama Mei 2020. Biashara ya magari ilipofufuka, wenye hisa walikuwa wamekwisha kuungana na kuweka mawakili. Juni 2021 wakaondoka na malipo yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Hiyo ni bahati adimu, lakini iliwakuta wamejipanga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, haki kubwa ya mwenye hisa ni ile anayoitumia kampuni ingali hai. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 inawaruhusu wenye sehemu moja ya kumi ya mtaji wenye kura kudai mkutano uitishwe, hata wakurugenzi wakinuna. Kura za zaidi ya nusu zinaweza kumng'oa mkurugenzi. Hesabu zilizokaguliwa ni haki yako. Si zawadi ya meneja.

Sisi tunafanya nini? Tunakwenda mkutano mkuu, tunapewa soda na kofia, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Deni limepanda mara mbili, hakuna anayeuliza. Mkaguzi ameandika kwamba ana shaka kama kampuni itaendelea kuishi, hakuna aliyesoma. Hisa mia moja za mtu mmoja ni kelele za chura. Lakini walimu, wakulima na wastaafu wakiunganisha kura zao, wanaifikia hiyo moja ya kumi, na hapo vigogo watasikiliza.

Tusisubiri mfilisi abandike tangazo getini ndipo tukumbuke kwamba kampuni ilikuwa yetu. Ulizeni deni ni kiasi gani, linadaiwa na nani, na limewekewa dhamana gani. Ulizeni mwaka huu.