Dawa ya Wasiwasi na Kubadilika kwa Kadi ya Bima
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyamirambo, Kigali

 

Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya afya. Sikuchagua malaria, kwani hiyo mmekwisha kuisikia mara nyingi. Nimechagua jambo linalosemwa kwa kunong'ona hapa Nyamirambo na Biryogo: mtu atumiaye dawa ya maradhi ya wasiwasi, bima yake ikibadilika, afanyeje hata tabibu mpya akubali kuendelea kumwandikia dawa yake?

Wala si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja katika kila watano nchini alikuwa na maradhi fulani ya akili. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, hofu ile inayomkata mtu pumzi ilipata hata jina lake, ihahamuka. Hata hivyo jina la Hospitali ya Ndera, iliyofunguliwa 1972 na iliyowatibu wengi, limegeuzwa tusi vinywani mwa watu. Basi mgonjwa huficha vyeti vyake, na afichaye vyeti ndiye afikaye mikono mitupu mbele ya daktari asiyemjua.

Chukueni mfano wa mwalimu wa serikali aachaye kazi ili afungue duka la vitambaa. Alikuwa na kadi ya RAMA, bima iliyoanzishwa 2001 na ambayo sasa imo chini ya RSSB. Mfuko ulilipa sehemu 85 katika 100, naye akalipa 15. Mshahara ukikoma, kadi nayo hukoma, yake na ya mkewe na ya watoto. Sasa yampasa kuingia Mituweli, nayo ina ngazi zake: kwanza kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali kubwa. Arukaye ngazi bila cheti cha rufaa, isipokuwa kwa dharura, atalipa mwenyewe. Mwalimu wetu amefikiria kodi ya duka na bei ya khanga. Hakuifikiria chupa ya diazepamu iliyomo kabatini.

Vidonge vikiisha, huenda kituoni. Muuguzi amwona mtu mzima wa mwili, aliyevaa vizuri, akitaka dawa ya kutuliza kwa jina lake. Amwandikieje? Nasikia watu wakiwalaumu waganga kwa hili, nami siwaungi mkono. Diazepamu ni dawa inayodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa kuwa mwili huizoea na wako waiuzao kwa magendo. Tabibu aitoaye kwa kila mgeni si tabibu mwema.

Lakini kuikata ghafula nako kuna hatari. Aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha kwa siku moja aweza kukosa usingizi, kutetemeka, kurudiwa na hofu kubwa kuliko ile ya awali, hata kupatwa na kifafa. Dawa nyingine, kama fluoksetini, hazimtii mtu katika uraibu wa namna hiyo. Illa zikikatwa ghafula zaweza kuleta kizunguzungu na ndoto mbaya, na maradhi yenyewe yakarudi baadaye. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, chini ya macho ya mganga. Kadi kubadilika si sababu ya tiba.

Basi mtu ajuaye kuwa kazi yake inakwisha, na aende kwa daktari wake wa zamani angali na kadi, amwombe barua. Iandikwe maradhi ni yapi, dawa kwa jina lake la asili wala si jina la kiwanda, kipimo chake, tangu lini aitumia, dawa zipi zilijaribiwa zikashindwa, na sahihi na mhuri. Aombe pia dawa ya kumvusha majuma ya katikati. Mchango wa Mituweli aulipe mapema, nyumba nzima. Mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Kisha afike kituoni vidonge vikiwa vingali nusu, achukue barua na chupa yenyewe, aombe rufaa kwenda kwa wahudumu wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya.

Huenda akaambiwa dawa yake haimo katika orodha ya bima mpya. Hapo asigombe, aulize ni ipi iliyo karibu nayo, na jinsi ya kuhama kutoka hii kwenda ile. Daktari akitaka kuipunguza, aombe kipimo cha kila juma kiandikwe. Na ile desturi ya kuazimana vidonge baina ya majirani kama chumvi, tafadhalini, iacheni. Kipimo cha jirani si chako.

Aliye na swali asilopenda kuliuliza mbele ya watu, nitakuwapo ofisini Ijumaa baada ya sala, peke yangu. Aje na vyeti vyake, tuiandike pamoja ile karatasi ya kumwomba daktari barua.