Sindano na Kalamu: Starehe Mbili za Nyumbani

(Hii ni hotuba aliyoitoa mfasiri mmoja wa serikali mbele ya mkutano wa akina baba na akina mama, Jumamosi jioni. Waliohudhuria wametuomba tuichape, ili wasiokuwapo nao wapate kuisoma.)

Aliyenialika alinitaka nizungumze juu ya faida za elimu. Nilimjibu kwamba juu ya jambo hilo mmekwisha kusikia hotuba nyingi, na kwamba kama angeniruhusu ningependa kusema juu ya zile saa mbili au tatu zilizo baina ya chakula cha jioni na usingizi. Nimeona nyumba nyingi zikiharibika katika saa hizo, na nyingine zikijengeka.

Kazi yangu, kama wengi wenu mjuavyo, ni kufasiri. Tangu asubuhi hata jioni huandika maneno ya watu wengine. Mwenye maneno akisema vizuri, sifa ni yake. Asipoeleweka, lawama mara nyingi ni yangu. Siku nyingi nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka, si mikono wala miguu, bali nafsi, kama hamali aliyebeba mizigo ya wengine kutwa nzima asiwe na hata kifurushi chake mwenyewe. Basi nikaanza kutoka usiku kwenda kukaa na rafiki mahali ambapo mshahara hupungua upesi. Mke wangu hakunigombeza. Alikaa mezani na sindano zake mbili akifuma, na kila niliporudi niliona sweta imeongezeka vidole viwili na mfuko wangu umepungua. Hesabu hiyo niliitazama usiku baada ya usiku, mpaka nikaona haya. Siku moja sikutoka. Nilitwaa daftari kuukuu, nikaketi upande wa pili wa meza ile ile, nikaanza kuandika hadithi. Tangu siku hiyo starehe zetu zimekuwa mbili, na taa ni moja.

Nitaanza na sindano, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kalamu.

Wako wadhanio kwamba kufuma kwa sindano ni sawa na kufuma nguo katika kitanda cha mfumi. Sivyo. Mfumi wa nguo hutumia nyuzi nyingi zinazopitana, za wima na za kukingama. Mwenye sindano mbili hutumia uzi mmoja tu, akautia kitanzi ndani ya kitanzi, safu juu ya safu. Ndiyo sababu sweta hunyumbuka mwilini, na ndiyo sababu pia kitanzi kimoja kikiponyoka chaweza kuteremka na vyote vilivyo chini yake. Anayeanza asianze na sweta. Na achukue uzi mnene wa sufu na sindano nene, afume kitambaa cha shingo, ambacho hakina mikono wala kwapa za kumtatiza. Kisha, kabla ya kuanza vazi lolote, afume kipande kidogo cha majaribio na kuhesabu. Kama vitanzi 20 vinafanya upana wa inchi 4, basi kwa upana wa inchi 16 atahitaji vitanzi 80. Asiyepima kwanza hufuma sweta ya mtoto ikamfaa baba yake.

Wanaume wengine watasema hayo ni mambo ya wanawake. Nawajibu kwa upole. Katika miji mingi ya Ulaya hapo kale, vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume. Huko Landes, kusini-magharibi ya Ufaransa, wachungaji wa kondoo wa karne ya 19 walisimama juu ya miguu mirefu ya miti ili waone kondoo zao mbali katika nchi ya majimaji, na huku wamesimama walifuma. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Huko Lamu na Unguja wamo wanaume washonao kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, wala hakuna awachekaye. Na mama zetu wa Ukambani na Ugikuyu wamesuka vyondo huku wakitembea njiani na kuzungumza. Sindano za sufu zilikuja kutoka ng'ambo, lakini mkono usiopenda kukaa bure ulikuwapo hapa zamani.

Tena msidhani mashine imeifuta kazi hii. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, nayo ikazaa nyingine nyingi. Lakini hata leo watu hufuma kwa mkono, kwa kuwa mashine yaweza kukupa sweta, haiwezi kukupa jioni tulivu.

Sasa nije kwenye kalamu. Kuandika hadithi si kazi ya wenye shahada peke yao. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali katika Tanganyika kwa miaka mingi, na hata hivyo alituachia Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, na vingine vingi baada yake. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alipeleka hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58. Ikashinda, na mwaka 1960 ikachapishwa. Na huko Uingereza Bibi Jane Austen, ambaye kitabu chake Pride and Prejudice kilitoka mwaka 1813, aliandika nyumbani, katika chumba walimopita jamaa na wageni, juu ya karatasi ndogo zilizofichika upesi. Bibi huyo alikuwa hodari pia wa sindano ya kushonea. Basi sindano na kalamu ni ndugu wa siku nyingi.

Nitawaeleza jinsi nilivyolijua hilo. Usiku mmoja mke wangu alikuwa amekwisha kufuma mgongo wote wa sweta ya mtoto wetu. Akautazama, akaona kosa dogo safu thelathini chini. Nikamwambia, "Liache, mama, hakuna atakayeliona." Akanijibu, "Atakayeivaa hataliona, lakini mimi nitaliona kila atakapopita." Akachomoa sindano, akafumua kazi ya jioni nyingi, akauzungusha uzi ukawa donge tena. Mimi nilikereka kuliko yeye.

Kesho yake nikamsomea hadithi yangu ya kwanza, nikitumaini kusifiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yule mzee katika mwanzo ni bahili hata wa chumvi. Mbona mwisho ametoa ng'ombe bure? Ni nini kilichombadilisha?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfanya atoe ng'ombe kwa kuwa mimi nilitaka hadithi iishe, nikalale. Kosa lilikuwa karatasi ya tatu; ya tisa ilidhihirisha tu. Basi nami nikafumua mpaka karatasi ya tatu. Ninyi mnaotaka kujaribu kazi hii, yashikeni hayo: watu wa hadithi na watende yanayotokana na tabia zao, si yanayotokana na uvivu wa mwandishi. Anzeni na jambo moja dogo mlijualo vizuri. Andikeni ukurasa mmoja kila jioni, kwani haba na haba hujaza kibaba. Kisha msomeeni mtu asiyewaogopa.

Lakini kuna neno zito zaidi, nalo nalisema kwa aibu. Uzi hununuliwa dukani, bali uzi wa hadithi hutoka katika maisha ya watu, na watu hao wana mioyo.

Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, alikuwa na mwana aliyekwenda kufanya kazi mbali akakoma kuandika barua. Mzee huyu alikuwa na desturi ya kuvaa koti lake zuri na kwenda posta kila Ijumaa, kisha kurudi akisema barua zimechelewa. Mimi nikaona hiyo ni hadithi nzuri. Nikabadili jina tu, nikatia na maneno ya kuchekesha juu ya lile koti, nikawasomea rafiki zangu. Walicheka sana, nami nikajiona mtunzi. Wiki haikupita, mzee akapata habari. Alikuja nyumbani kwetu jioni, akakataa kiti. Akasema, "Bwana, huu ni mwaka wa pili mwanangu hajaniandikia. Sikujua kwamba huzuni yangu ndiyo mchezo wenu wa usiku." Akaondoka.

Mabibi na Mabwana, mimi ninayelipwa kwa kutafuta maneno sikupata hata moja. Mke wangu aliendelea kufuma bila kunena, na sauti ya sindano zile ilinichoma kuliko matusi. Kulipokucha nilikwenda kwa mzee, nikampa karatasi zote mkononi mwake, nikaomba radhi. Nilidhani atazitia motoni. Alizikunja, akaziweka mfukoni, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Ikiwa kalamu yako ni hodari hivyo, mwandikie mwanangu barua." Tukaketi pamoja, yeye akisema nami nikiandika, wala sikuongeza neno langu hata moja. Jibu halijafika mpaka leo. Tumekwisha kuandika ya pili. Mzee hunisalimu sasa, ila bado haketi nyumbani mwangu kama zamani, nami sina haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo nawaonya: andikeni juu ya watu, lakini msiandike mtu. Mtwae kilio cha huyu, kiburi cha yule na mwendo wa mwingine, mvichanganye hata pasiwe na jirani awezaye kusema, "Huyu ndiye mimi." Na mkiona kucheka kwenu kunamwangukia mtu dhaifu, wekeni kalamu chini.

Neno la mwisho ni juu ya fedha, maana najua mtaniuliza. Watu walipoona kazi ya mke wangu walianza kumwagiza sweta. Alikubali moja, kisha tatu, kisha kumi kwa ajili ya watoto wa shule. Fedha zilitufaa, sitakana. Lakini nilimwona akishika sindano kwa kuugua, kama nilivyokuwa nikishika mimi faili za ofisini. Mwisho alirudisha fedha za sweta mbili alizokuwa hajazianza, akasema atauza baadhi ya miezi, na miezi mingine atafuma apendavyo. Naona alihukumu vema. Kuuza si kosa, na mwenye shida na auze. Ila katika nyumba pawepo kitu kimoja kinachofanywa kwa sababu tu mwenye kukifanya anakipenda.

Basi mkirudi nyumbani usiku huu, tazameni meza yenu. Kama ipo taa, kama lipo donge la uzi au daftari lenye kurasa tupu, mna starehe ambayo haimlevyi mtu wala haimfilisi. Baba akae, mama akae, watoto wasikie hadithi na kushika donge la uzi. Na kosa likionekana, liwe la kitanzi au la neno, msione uchungu kufumua.