Kuomba Nafasi ya Kusoma Afya ya Jamii: Niliyojifunza kwa Kukataliwa

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wahudumu wa afya wa sharika na vijana wahitimu waliokutana Mbezi Luis, Dar es Salaam. Tumeifupisha kidogo. – Mhariri

Ninyi mliotoka Temeke na Mbagala najua mmeanza safari alfajiri, na tunawashukuru. Wa Kimara na Kibamba mliochelewa, nanyi karibuni. Tuvumilie kelele za nje, maana tangu Kituo cha Mabasi cha Magufuli kifunguliwe hapa kwetu mwaka 2021, Mbezi Luis haina tena saa ya utulivu.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili katika Afya ya Jamii. Kabla sijaendelea nikiri jambo moja: mimi shahada hiyo sina. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia niliyoipata mwaka 2006, nimefanya kazi za miradi tangu hapo, na nimekataliwa mara mbili. Ombi la tatu nimekwisha kulituma, majibu bado. Kwa hiyo msinitazame kama mtu aliyefika. Nitazameni kama mwenzenu aliyetangulia kutumbukia shimoni, ili ninyi mpite pembeni.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012. Niliomba katika chuo kimoja cha hapa nchini. Nikalipa ada ya maombi, nikapeleka vyeti kwa wakili vikagongwa mihuri, nikajaza fomu usiku kucha. Jibu lilikuja fupi: shahada yangu haimo katika zile wanazozipokea. Walikuwa wanataka udaktari, uuguzi, famasia, afya ya mazingira na nyingine za namna hiyo. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa wa maelezo ya kozi. Sikulisoma! Niliona neno "jamii" nikadhani ni langu, mwanasosholojia. Na ada ya maombi hairudishwi, mjue.

Kwa hiyo someni sifa za kujiunga kabla ya kulipa hata shilingi moja. Hapa nchini vyuo vinavyofundisha shahada hii si kimoja. Muhimbili, kilichoanza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, ndicho wengi wanachokifahamu. Lakini kuna KCMC kule Moshi, kuna Bugando ya Mwanza, kuna Dodoma. Kila kimoja kina orodha yake ya shahada zinazokubalika na kozi zake pacha, ambazo nyingine zinapokea watu wasiotoka wodini. Kwa shahada ya kwanza, GPA ya 2.7 ndiyo mlango wa chini. Maombi ya uzamili yanakwenda chuoni moja kwa moja, wala hayapitii Tume ya Vyuo Vikuu. Tume utaikuta kama shahada yako ya kwanza ulisomea nje, maana lazima waitambue.

Aliye na shahada isiyo ya afya asikate tamaa. Vyuo kadhaa vya nje hutazama zaidi kazi uliyofanya. University of the Western Cape ya Afrika Kusini, kwa mfano, imesomesha watumishi wa afya wa Afrika kwa njia ya masafa kwa miaka mingi, mtu akiwa kazini kwake. Na Jumuiya ya Madola ina ufadhili maalumu kwa wanaosoma kwa masafa katika vyuo vya Uingereza.

Sasa nije kwenye kukataliwa kwa pili, ambako ndiko kulikonifundisha.

Mwaka 2017 niliomba nje. Safari hiyo sifa zilitosha, nilihakikisha mara tatu. Kilichoniangusha ni barua ya kujieleza. Nakala yake niliikuta mwaka jana kwenye flashi ya zamani, nikaisoma, nikaona aibu. Niliandika kwamba nina shauku kubwa ya kuitumikia jamii, kwamba tangu utoto nimeguswa na mateso ya wanyonge, kwamba elimu ni ufunguo. Ungefuta jina langu ukaweka la mtu wa Arusha au wa Lusaka, barua isingebadilika kitu. Ilikuwa barua ya mtu yeyote.

Na wakati naiandika, nilikuwa nimetoka kwenye kipindupindu!

Wengi wenu mnakumbuka. Mwezi Agosti mwaka 2015 ugonjwa ulianzia hapa Kinondoni, sisi Mbezi tukiwa bado chini ya wilaya hiyo kabla Ubungo haijakatwa. Kutoka hapa ukaenea karibu nchi nzima, na hadi kufikia mwisho wa mwaka 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Bomba la Ruvu Juu linapita barabara hii hii ya Morogoro, lakini nyumba nyingi za huku bondeni zilikuwa zinakunywa maji ya visima na ya maboza. Vyoo ni vya shimo, na mvua ikinyesha wapo wanaofungulia shimo lijimwage. Mnawajua. Wengine ni majirani zetu tunaosali nao.

Dayosisi tulipata vidonge vya klorini kutoka kwa wahisani. Tukagawa nyumba kwa nyumba. Mimi mwenyewe nilikuwa na daftari la kaunta, na katika mtaa mmoja peke yake niliandika nyumba 41. Jioni tunajumlisha, tunatuma takwimu ofisini. Lengo lilifikiwa, hata likapitwa. Niliandika ripoti nzuri, wahisani wakashukuru, picha zikatoka kwenye jarida hili hili.

Siku ya tatu au ya nne ya ugawaji nilimkuta mama mmoja muuza uji. Nikamweleza: Mama, kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, koroga, subiri nusu saa. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akanionyesha pipa nyuma ya nyumba. Akasema, "Dada, mimi sina maji ya ndoo. Boza likija nanunua, najaza pipa, nakaa nalo wiki. Nitie vingapi? Na vikiisha?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza, nikamwachia ukanda mmoja wa vidonge kama wengine, nikaandika nyumba yake kwenye daftari. Tiki. Wiki iliyofuata nikasikia amelazwa. Alipona, Mungu ni mwema, lakini alipoteza wateja wake wote, maana nani atanunua uji kwa mtu aliyetoka kambi ya kipindupindu? Katika ripoti yangu mama yule amehesabiwa kama mlengwa aliyefikiwa.

Jambo hilo sikuliandika mahali popote. Kwenye ripoti lingeharibu sura ya mradi. Kwenye barua ya kuomba chuo nililiacha kwa sababu nilidhani chuo kinatafuta watu waliofanikiwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba swali la mama yule ndilo lilikuwa ombi langu zima. Kwa nini watu waliopewa vidonge hawakunywa maji yaliyotibiwa? Wangapi walikuwa na ndoo na wangapi walikuwa na pipa? Tuligawa dawa bila kwanza kuuliza watu wanahifadhi maji katika nini. Hilo ni swali la Afya ya Jamii, na mimi sikuwa na ujuzi wa kulijibu. Ndiyo sababu nataka kusoma. Nyingine zote ni mapambo.

Tena wala si jambo geni. Mwaka 1854, kule London, daktari mmoja aitwaye John Snow aliandika ni nyumba zipi zilikuwa na vifo vya kipindupindu, akaziweka kwenye ramani, akaona zinazunguka bomba moja la mtaani. Wakaondoa mpini wa bomba lile. Alianza kwa kwenda mlangoni kuuliza maji mmechota wapi, kazi ambayo ninyi wahudumu mnaifanya kila wiki. Na wazazi wetu walikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, takriban watu milioni 2 wakisikiliza redio katika vikundi, wakijadili, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo. Ile sehemu ya kujadili kabla ya kuchimba ndiyo mimi niliiruka.

Kwa hiyo ukikaa kuandika barua yako, usianze na shauku. Anza na nyumba moja. Andika ulifanya nini, lini, ukaona nini, na nini kilikushinda. Halafu eleza kozi ile, hasa somo lipi katika kozi ile, litakusaidia vipi kulijibu. Wengine mtaogopa kwamba kusema ulishindwa ni kujivunjia heshima. Mimi pia naogopa. Ombi langu la tatu limeandikwa hivyo na bado sijui kama wameipenda. Lakini angalau safari hii barua ni yangu.

Angalizo moja tu: usiwataje watu wako. Mama muuza uji hana jina katika barua yangu, wala leo hapa.

Niseme haraka haraka mambo mengine. Wadhamini, yaani wale watakaoandika barua za kukueleza, waombeni mapema, miezi miwili kabla. Mwaka 2017 mmoja wa wangu alituma ya kwake siku 4 baada ya tarehe ya mwisho. Ni mtu mwema sana, ila alikuwa na mambo mengi, nami niliona haya kumkumbusha kwa kuwa ni mkubwa wangu. Mkumbushe! Mpelekee na barua yako aisome, asije akaandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu, basi.

Akina dada, angalieni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha kidato cha nne kina jingine, cha chuo umeongeza la baba, pasipoti ina la mume. Chuo kitauliza hawa ni watu wangapi. Tengenezeni hati ya kiapo cha majina sasa, wakati hamna haraka. Na msisubiri siku ya mwisho kupakia vyeti, maana siku hiyo mfumo hukwama au umeme hukatika, au vyote viwili.

Kuhusu fedha. Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa inahudumia shahada ya kwanza, msiitegemee. Ufadhili wa Shirikisho la Kilutheri Duniani huwezi kuuomba peke yako. Ombi hupitia kanisa mwanachama, kwa hiyo njoo ofisini tuzungumze mapema. Ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza hufunguliwa mwezi Agosti, unataka angalau miaka miwili ya kazi, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Wa DAAD wa Ujerumani, kwa zile kozi za maendeleo, nao unataka miaka miwili ya kazi, lakini kwa kawaida shahada yako isiwe imezidi miaka sita. Hapo mimi nilikwisha achwa na gari zamani. Ninyi mliohitimu mwaka jana na juzi, huo ndio muda wenu, na unakwenda. Miaka miwili ya kujitolea katika zahanati ya usharika ni kazi, ilimradi una barua ya kuithibitisha. Wachungaji mliopo hapa, tafadhali waandikieni vijana barua hizo. Wamewafanyia kazi bila mshahara. Karatasi moja yenye mhuri si kubwa.

Wakati wa chai dada mmoja ameniuliza pembeni: akienda kusoma, nani atabaki na watoto, na mzee nyumbani atasema nini? Sina jibu la jumla. Mimi na mume wangu tulilizungumza kabla ya ombi la tatu, siyo baada ya majibu, na halikuwa zungumzo la siku moja. Ndiyo maana nimechagua kusoma kwa masafa, ingawa naambiwa ni kugumu zaidi, unasoma usiku wakati wengine wamelala.

Sasa nimekuja na bahasha hii ya kaki. Anayetaka barua yake isomwe ailete ofisini kabla ya Jumatano ijayo. Iandikeni kwa Kiswahili kwanza, ukurasa mmoja, kwa mkono hata. Kiingereza tutakitafuta baadaye. Na aliye na daftari la kutembelea nyumba, alete na daftari.