Kukaa Shambani Si Kumiliki Shamba



Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kumiliki mali na kuishika mali. Mwenye mali ni yule anayetambuliwa na sheria. Mshikaji ni yule ambaye mali imo mikononi mwake. Mkulima alimaye shamba la babu yake hujihesabu kuwa ni yote mawili. Lakini sheria ikiandikwa upya, mambo hayo yaweza kutengana kwa siku moja, hali jembe lingali ardhini.

Tuitazame Kongo. Mwaka 1912 wakoloni wa Kibelgiji waliweka kitabu cha sheria ya madai kilichohusu mali. Tarehe 20 Julai 1973 nchi hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ilikifuta na kuweka sheria mpya. Kifungu cha 53 kilitamka kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, haiuziki, wala haipatikani kwa kuikalia muda mrefu. Hata mtu akikaa miaka 50, muda peke yake haumpi milki. Awezacho kupata ni haki ya kuitumia ardhi, nayo huthibitishwa kwa cheti cha msajili. Cheti kikitimiza miaka 2, haki hiyo haipingiki tena.

Kuivunja milki ya ardhi iliyotokana na ukoloni ni jambo ambalo mzalendo hawezi kulilaumu. Lakini mwanakijiji je? Sheria hiyo hiyo iliziingiza ardhi za vijiji katika ardhi ya Dola. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaozikalia zitawekewa taratibu kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila ya amri hiyo kutolewa. Mwanakijiji akawa na jembe bila cheti, na mwenye fedha akaweza kupata cheti bila jembe. Mbele ya hakimu, karatasi ina nguvu kuliko jembe.

Ndugu zangu, sheria inayobadili maana ya kukalia ardhi haina budi kueleza, siku ile ile inapoanza kutumika, jinsi aliyekwisha kuikalia atakavyolindwa. Kazi hiyo haimalizwi na Bunge. Ofisa anayeandaa kanuni asizichelewesheni mezani, na mwalimu awaeleze wanakijiji tofauti ya kushika na kumiliki kabla mgeni hajafika na cheti chake. Ahadi ya sheria isiyotekelezwa ni deni, na anayelilipa ni mnyonge.