MIKONO INAYOSOGEZA VYOMBO

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Leo nasema na mama wenye kulea watoto na kufanya biashara ndogo. Lakini ninyi baba, msizime redio. Andiko hili lina neno lenu pia.

Mama wengi wananijia na swali moja: «Pasta, wakati niutoe wapi? Asubuhi watoto wa masomo, kisha maji, kisha soko, jioni chakula, usiku nguo. Hata kuomba nasinzia.» Zamani nilikuwa najibu haraka: «Mama, amka mapema zaidi.» Leo naomba musamaha kwa jibu lile. Mama anayelala saa tano ya usiku na kuamka saa kumi hana saa nyingine ya kuamka.

Tufungue Biblia. Kulikuwa mjane mmoja, mke wa mtumishi wa Mungu. Mume alikufa, akaacha deni. Mwenye kudai akataka kuwachukua wana wake wawili wawe watumwa. Nyumbani kulibaki chupa moja tu ya mafuta. Basi huyu ni mama mwenye watoto, mwenye deni na mwenye kapitali ndogo. Ni jirani yetu kabisa. Mara nyingi tunahubiri muujiza wa mafuta. Leo tuangalie namna kazi ilivyopangwa, maana Mungu alileta mafuta, lakini aliwapa watu kazi ya kufanya.

Jambo la kwanza: alijaza vyombo vyote mbele ya kuuza. Soma fungu la 4 mpaka la 7. Kulikuwa wakati wa kumimina, kisha ukaja wakati wa kuuza. Hakuchanganya.

Hapa nitasema habari ya nyumba yangu. Mke wangu anauza mawese mbele ya parsele, hapa Bukavu. Ninyi munajua baridi yetu: asubuhi mawese yameganda katika bidoni. Mteja akija na faranga 500, mama anaacha kuogesha mtoto, anawasha mbabula, anayeyusha mafuta, anapima, ananawa mikono, anarudi kwa mtoto. Mwingine anabisha. Tuseme wateja 30 kwa siku, kila mmoja dakika 5: hizo ni dakika 150, ni saa mbili na nusu! Na makala yanaisha bure. Siku hizi anangoja jua la mchana lilainishe mafuta, anajaza chupa ndogo kwa kubwa mara moja, anazipanga. Mteja akifika, hata mtoto wa miaka kumi anaweza kumpa chupa na kupokea feza. Mama mwenye kuuza unga, makala au sambaza, angalia kazi yako: ni kipi unachopima mara 30 ambacho ungeweza kupima mara moja?

Jambo la pili: alikopa vyombo kwa majirani. Nabii hakumwambia afanye yote peke yake. Alimwambia aende kwa jirani zake wote, tena asikope vichache. Wamama watatu wa avenue moja, kila mmoja anapanda Kadutu siku yake kununua bidoni moja, na kila mmoja anapoteza nusu ya siku. Kwa nini wasiweke feza pamoja, aende mmoja kwa ajili ya wote, wale wawili wabaki kuangalia watoto? Juma hili wewe, juma lijalo mwenzako. Andikeni hesabu kwenye daftari, kila mmoja aione, ili urafiki usivunjike. Munaweza kushirikiana katika AVEC, mukaweka akiba pamoja. Basi munaweza kushirikiana katika wakati pia.

Jambo la tatu: alifunga mlango. Mlango huu si wa kufukuza wateja. Ni wa kulinda saa moja. Chagua saa moja kila jioni: chupa zimefungwa, simu imewekwa kando, watoto wanakula na wewe, wanakuonyesha madaftari, munaomba. Mteja wa kweli atajua saa zako na kuzizoea. Tena, funga mlango kwa madeni ya wateja. Mama akiuza kwa deni, anatumia siku yake ya posho kuzunguka milimani kudai faranga 1000. Kuuza kulichukua dakika moja, kudai kunachukua siku nzima.

Jambo la nne, na hapa ndipo nilitaka kufika: nani alisogeza vyombo? Fungu la 5 linasema ni wale wana. Mama alikuwa anamimina, wao walikuwa wanamletea. Mikono yake haikuacha kazi yake kwa sababu mikono mingine ilikuwa inafanya kazi yao. Ni wana, wapendwa, vijana wanaume! Katika nyumba zetu ni nani anayechota maji, anayefagia, anayebeba mdogo wake? Ni binti. Kaka yake amekwenda kuangalia mpira. Mbele ya Mungu, ndoo haina mwanamume wala mwanamke. Lakini musinisikie vibaya: sisemi mtoto aache masomo akatembeze sahani ya mandazi barabarani. Wana wale walisaidia ndani ya nyumba, karibu na mama yao, ili wasiuzwe. Kazi ya mtoto iwe ya kumlinda, isiwe ya kumharibu.

Sasa, baba. Mjane huyu hakuwa na mume wa kumsaidia, maana alikuwa amekufa. Wewe unayenisikiliza, u hai. Mimi pia nilikuwa hai, siku ya posho moja, niko chumbani natayarisha mahubiri juu ya mwanamke hodari wa Mithali 31. Mke wangu, mtoto mgongoni, aliita: «Baba watoto, njoo unishikie bidoni.» Nilijibu: «Niko katika Neno.» Aliinua peke yake. Bidoni iliteleza, nusu ya mafuta ikamwagika chini. Ile ilikuwa faida ya juma zima na sehemu ya kapitali. Hakusema neno. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa.

Kesho yake nilihubiri kwa nguvu. Watu walisema amina. Mke wangu alikuwa kwenye benchi ya tatu, amelala. Nilipomwona nikakumbuka fungu la 15, ambalo nililipita mbio: yule mwanamke hodari alikuwa na wasichana wa kazi ndani ya nyumba yake! Sisi tunawadai wake zetu matunda ya Mithali 31 bila kuwapa mikono ya Mithali 31.

Na sisi wachungaji, tunaiba pia. Tunatangaza ibada saa tatu, tunaanza saa nne. Mkutano wa wamama tunauweka saa za soko. Mgeni akifika, wao ndio wapishi. Kisha tunashangaa kwamba mama fulani amepoa kiroho. Pengine hakupoa, amechoka. Tuanze kwa saa, tumalize kwa saa. Dakika ya mama ni feza, ni chakula cha mtoto, ni usingizi wake.

Wapendwa, mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Wakati nyumba ile ilikuwa na vyombo na mikono, mafuta yalikuwa yangali yanatoka. Pengine baraka ya nyumba yako inangoja mikono ya kusogeza chombo kingine.

Kazi ya juma hili: mama, chagua kazi moja ya kufanya mara moja kwa siku, na jirani mmoja wa kushirikiana naye. Kijana, shika ndoo. Baba, ukisikia unaitwa, simama. Neno litakungoja, na utalielewa vizuri zaidi ukirudi na mafuta mikononi.

Tuombe. Bwana, unaona mama waliochoka asubuhi hii. Bariki kidogo walicho nacho, na utuamshe sisi tunaokaa karibu nao. Kwa jina la Yesu. Amina.