Dawa, Chakula na Saumu ya Mgonjwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mlio hapa msikitini nanyi mnaosikiliza majumbani. Tumo katika siku za mwisho za Shaaban, na desturi yetu siku hizi ni kuzungumzia fadhila za mwezi mtukufu unaokuja. Leo nataka kuzungumza juu ya kidonge. Huenda wengine wakaona hilo ni la hospitali, si la mimbari. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na anayetumia dawa isivyopasa hajajitibu, amemeza kitu tu.

Nianze na nafsi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliugua goti, nikapewa vidonge vya kutuliza maumivu: kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Ilikuwa Ramadhani. Nikajiamulia mwenyewe, vyote vitatu nikavimeza magharibi kwa tende moja na maji, kisha nikasimama kusali. Usiku wa tatu tumbo liliwaka moto hata tarawehe ikanishinda. Tabibu akanieleza kwamba dawa za jamii ile, mathalan daiklofenaki na ibuprofeni, hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo, na mtu akizimeza nyingi kwa mara moja zaweza kuleta vidonda, hata kutoka damu. Akaniuliza, “Shehe, hukupata mtu wa kumwuliza?” Sikuwa na jawabu.

Maneno “mara tatu kwa siku” yana maana yake. Dawa ikishaingia katika damu, ini na figo huanza kuiondoa kidogo kidogo. Ndiyo maana huambiwa mtu ameze kila baada ya saa nane: saa 12 alfajiri, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Anayerundika dozi ya kutwa nzima katika futari huizidisha kwa saa chache, kisha hubaki siku nzima bila dawa, na vijidudu vya maradhi hupata nafasi ya kupumua.

Sasa tuingie jikoni. Katika nyumba zetu dawa ya asubuhi aghalabu huteremshwa kwa kikombe cha chai ya maziwa, kwa kuwa ndicho kilicho mezani. Kikombe hicho si maji. Madini ya chokaa yaliyomo katika maziwa huishika dawa kama tetrasaiklini na siprofloksasini, vikagandamana tumboni, na sehemu kubwa ya dawa ikapita bila kuingia katika damu. Mgonjwa humaliza vidonge vyote, naye hajapona, kisha husema dawa ilikuwa bandia. Majani ya chai nayo huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Na mama mjamzito aliyepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, akivimeza kila siku kwa chai, faida yake kubwa huipoteza. Avimeze kwa maji, au kwa maji ya machungwa ambayo husaidia, na chai aisogeze mbele kwa saa moja au mbili.

Wala msitoke hapa mkisema maziwa ni adui wa dawa. Dawa mseto ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini iliyoanza kutumika Tanzania Bara tangu mwaka 2006, inataka mafuta. Pamoja na chakula chenye mafuta, lumefantrini imeonekana kuingia katika damu hadi mara 16 zaidi kuliko kwa tumbo tupu. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, nasi twamhurumia, twampa dawa kwa maji matupu. Basi apewe japo kikombe cha maziwa au uji wa nazi. Maziwa yale yale yaliyoiharibu dawa ya kwanza yanaiokoa hii ya pili! Na balungi, tunda lisilo na hatia, huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta mwilini. Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati huko Kanada, likaandikwa mwaka 1989. Hapana akili ya kuzaliwa inayoweza kubahatisha mambo haya. Ni ya kuuliza.

Linalonitia hofu zaidi ni kisukari. Viko vidonge, kama vile glibenklamidi, vinavyoilazimisha kongosho itoe insulini, awe mtu amekula au hakula. Aliyevimeza wakati wa daku kisha akafunga, huenda adhuhuri sukari ikamshuka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kupotea. Watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa saumu, wakamwacha alale. Wallahi, asilazwe! Apewe sukari au kinywaji kitamu papo hapo madhali anaweza kumeza. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Na saumu yake? Katika Surat al-Baqara Mola wetu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana fidia ya kulisha maskini. Nimewaona wazee wanaoona haya kuipokea ruhusa hiyo, wakificha vidonge wasionekane na wajukuu. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu haina aibu.

Lakini wapo pia wagonjwa wanaoweza kufunga, iwapo tabibu atabadili saa za dawa au kipimo chake. Hilo linataka muda. Basi kabla ya mwezi kuandama, mwenye maradhi ya kudumu akusanye dawa zote anazotumia katika mfuko mmoja, pamoja na habasoda na mitishamba ambayo huwa hatuitaji mbele ya daktari, aende nayo kliniki. Aulize kila moja: kabla ya chakula au baada yake, kwa maji au kwa maziwa, na nikifunga je? Asiyejua kusoma aende na mwanawe amwandikie majibu juu ya pakiti.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.